Kwa mnaoanza kuongoza wageni Serengeti: mjueni nyumbu kabla ya mto

Vijana wengi wanaoingia kazi hii huulizana swali moja tu kwenye redio ya gari: "Wamevuka?" Naelewa, mgeni amelipa pesa nyingi na anataka kuona nyumbu wakivuka mto Mara. Lakini mwongozaji anayejua kuvuka tu atakosa la kusema miezi mingine yote.

Anzeni Ndutu, kusini mwa Serengeti, mwezi wa pili. Sehemu kubwa ya ndama huzaliwa ndani ya wiki tatu hivi, kwa wingi kiasi kwamba fisi na simba hula wakashiba na wengi bado wakabaki. Majani mafupi ya pale yameota kwenye majivu ya volkano, yenye madini anayoyahitaji mama anayenyonyesha. Simamisha gari mbali, zima injini, mtafute jike anayelala na kuinuka kila mara. Ndama akishatoka, dakika chache tu anahangaika kusimama: anayumba, anaanguka kwa magoti, anajaribu tena, huku mama akimlamba na kumnusa. Hapo ndipo wanapojuana kwa harufu na sauti. Ukimkurupusha mama kabla ya hapo, ndama huyo hana wa kumnyonyesha, maana majike wengine humfukuza. Akipotezana na mama hufuata chochote kinachotembea, hata gari lako, hata fisi. Ukimwona nyuma yako, simama. Usimvute mbali na kundi, hata kama wageni wana haraka ya chakula cha mchana.

Mwezi wa tano na wa sita, msimu wa kupandana, ni zamu ya madume. Chagua mmoja umwonyeshe mgeni: kichwa juu, anakoroma, anazunguka kipande chake kidogo cha ardhi akizuia majike wasitoke. Kundi likihama, anakiacha na kwenda kushika kingine mbele.

Kuhusu kuvuka, kati ya Julai na Oktoba pale Kogatende, kaskazini mwa Serengeti, nitasema jambo moja. Kundi likisita ukingoni, acheni wazi njia ya kushukia na ya kupandia. Magari yakiziba, nyumbu hugeuka, au hujitupa penye mwamba na kuvunjika miguu. Wanaozama kwa mwaka ni zaidi ya 6,000 kwa wastani. Mizoga yao hulisha tai, mamba na samaki.

Mkiulizwa idadi, semeni zaidi ya milioni moja, kisha elezeni sotoka, ugonjwa wa ng'ombe ulioambukiza hata nyumbu. Ugonjwa huo uliwabana nyumbu kwa miongo mingi. Ng'ombe wa jirani walipochanjwa, ukatoweka porini mwanzoni mwa miaka ya 1960, na nyumbu wakapanda kutoka kama 250,000 hadi kuvuka milioni kabla ya 1980. Naipenda habari hii kuliko zote. Ielezeni mkiwa bado njiani Ngorongoro, ng'ombe wa Wamasai wakiwa mbele ya macho ya wageni.