Skida ikigoma kutembea, usikimbilie kushusha giaboksi

Wadogo zangu mnaoanza ufundi huku Mafinga na Sao Hill, hali hii mtakutana nayo mapema: skida, mashine ya kuburuta magogo, imelala katikati ya misindano, malori yanasubiri magogo, na tajiri anapiga simu kila saa akitaka kusikia kwamba giaboksi imeshafunguliwa. Msikubali kusukumwa. Kushusha giaboksi ya mashine ya zamani ni kazi ya siku kadhaa, na mara nyingi ugonjwa uko nje yake kabisa.

Anza na opareta, umuulize kwa heshima, maana yeye ndiye anayeshinda nayo. Inagoma ikiwa ya baridi au ikishapata moto? Kama asubuhi inavuta vizuri halafu nguvu zinapungua kadiri oili inavyochemka, shuku pampu iliyolika au sili zinazovujisha kwa ndani. Oili ya moto ni nyepesi, inapenya kila upenyo, presha inashuka na klachi zinateleza. Kama ni kinyume chake, inagoma asubuhi na kukubali baadaye, shuku oili nzito, chujio la upande pampu inakovutia oili lililoziba, au sili zilizokauka zikawa ngumu. Asubuhi za Juni na Julai hapa Mufindi zinaumbua oili isiyofaa. Kuna watu wanamimina oili nzito namba 90 ya difu (gia za ekseli) kwenye giaboksi inayobadili gia kwa presha, eti kwa sababu ndiyo iliyobaki stoo. Huko ni kuua mashine. Nyingi za aina hii zinataka oili nyepesi kama 10W, na kitabu chake kinasema ipi.

Ukipima oili, fuata pia kitabu. Nyingi hupimwa injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma taratibu bila kukanyagiwa mafuta, gia nyutro, oili ikiwa na joto la kazi. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia, na mshukiwa wa kwanza ni kula (kipozeo cha oili) iliyotoboka. Usiendelee kuitembeza, kwa sababu maji yanabandua diski za klachi. Ikiwa na povu, kuna hewa. Hapa wengi wanapotea, kwa kuwa wanatafuta tone chini. Upande wa kuvutia, kati ya tangi na pampu, tundu halimwagi oili, linavuta hewa. Paka grisi kwenye maungio moja baada ya jingine, injini ikinguruma. Pampu ikiacha kulia ulipopaka, umeshapata.

Filta ya zamani usiitupe. Ikate, tandaza karatasi yake juani, pitisha sumaku. Chuma kinachonata kinatoka kwenye gia au beringi. Unga wa rangi ya shaba unaweza kuwa wa diski au bushi, aluminiamu mara nyingi ni ya konveta (inayopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi kwa oili), na vipande vya mpira ni sili. Ukikuta vyuma vingi, hapo sasa una sababu ya kufungua.

Kabla ya hapo, funga geji. Fundi asiyemiliki geji ya presha anabahatisha kwa fedha za mwenzake. Chukua mfano wa giaboksi za Clark 28000: oili ikiwa kwenye nyuzi 82 hadi 93 za Selsiasi, presha ya klachi inatakiwa iwe psi 240 hadi 280, na klachi zote zisipishane zaidi ya psi 5. Ingiza gia moja moja, andika namba kila mara. Presha ikiwa chini kwenye gia zote, tatizo liko kwenye chanzo: pampu, chujio, au valvu ya kurekebisha presha iliyonasa uchafu. Ikiwa chini kwenye klachi moja tu, pakiti ya diski za klachi hiyo inavuja, na sasa unaweza kumwambia tajiri unachokwenda kufungua na kwa nini. Presha ikiwa sawa kote na bado mashine haivuti, angalia konveta na propela (shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli).

Usisahau breki. Kwenye mashine nyingi za zamani kuna valvu inayokata presha ya klachi opareta anapokanyaga breki. Ikinasa, skida inakaa kama imekanyagwa breki muda wote: gia zinaingia, haisogei. Nyundo ndogo na kusafisha spuli (kipande kinachoteleza ndani ya valvu) kunaweza kuokoa giaboksi nzima isishuke.

Joto nalo lina chanzo rahisi huku kwetu. Majani ya misindano yanajipanga mbele ya rejeta na kula kama mkeka, vumbi linayagandisha. Yatoe kwa hewa kutoka upande wa ndani kwenda nje.

Kuhusu usalama nasema kwa msisitizo. Shusha blade na magogo, weka vigingi kwenye matairi, zima injini kabla ya kulegeza bomba lolote. Uvujaji wa presha kubwa utafute kwa kipande cha boksi, kamwe si kwa kiganja. Oili ikipenya kwenye ngozi, hata kama kidonda ni kidogo kama cha sindano na hakiumi, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Na mashine ikibidi kuvutwa hadi karakana injini ikiwa imezimwa, fungua propela kwanza. Bila injini pampu haizunguki, beringi na klachi zinasagana zikiwa kavu, na mtafika na ugonjwa ambao hamkuondoka nao msituni.