Kabla ya Kuuliza Wati za Leza, Uliza Joto Lake Linatolewaje

Kwa kuwa kazi yangu hapa Arusha ni kutengeneza mashine za leza za masonara na za karakana za vyuma, vijana wanaosomea ufundi hunijia na swali lilelile: mashine hii ina wati ngapi? Nawashauri waanze na swali jingine, yaani joto linalobaki ndani ya fuwele au kioo kinachozalisha mwale linatolewaje. Anayelielewa hilo ataelewa pia kwa nini watafiti wanazishughulikia sana faiba za fuwele, yaani vijiti vyembamba vya fuwele vinavyokuza mwale wa leza.

Leza hulishwa mwanga wa aina moja ikatoa wa aina nyingine, na tofauti ya nishati hugeuka joto. Fuwele ya YAG ni ganeti inayooteshwa na binadamu, yenye mpangilio wa ndani sawa na ule wa ganeti za kijani wanazouza madalali wa vito mjini kwetu. Ikitiwa elementi ya neodimiamu, hulishwa mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 808 na kutoa wa 1064, hivyo karibu asilimia 24 ya nishati iliyomezwa huishia kuwa joto hata mambo yakienda vizuri kabisa. Ikitiwa iterbiamu, ikalishwa mwanga wa 940 na kutoa wa 1030, kiwango hicho hushuka hadi kama asilimia 9.

Fuwele ikiwa na umbo la fimbo nene, joto hilo hurundikana katikati, na fimbo yenyewe ikaanza kupinda mwanga kama lenzi ambayo hakuna aliyeiweka. Sonara mmoja wa hapa mjini aliniita kwa sababu doa la kulehemu pete lilikuwa limetanuka. Niliposhika bomba la maji yanayorudi kutoka kwenye fimbo, lilikuwa la moto, na chujio lilikuwa limejaa ukoko mweupe. Tafadhali msitumie maji ya bomba wala ya kisima kupozea leza. Nunueni maji yaliyoondolewa madini.

Faiba ya kioo, yaani uzi wa kioo unaozalisha mwale, hupoa vizuri kwa sababu ni nyembamba na ndefu, lakini kioo chenyewe hupitisha joto kwa shida: YAG hupitisha takriban mara 7 zaidi. Isitoshe, mwanga mwingi ukibanwa katika kiini chembamba kwa mita kadhaa, sehemu yake huweza kutawanywa kurudi ulikotoka, na mapigo mafupi ya mwanga huharibika umbo. Faiba ya fuwele inachukua njia ya kati. Unene wake ni kama milimita 1 au pungufu, urefu wake sentimita chache. Mwanga wa kulishia huongozwa na kuta zake, huku mwale unaokuzwa ukipita katikati bila kubanwa, na joto lina safari fupi tu hadi kwenye chuma cha kupozea.

Kwa kukata mabati au kuchonga majina, faiba ya kioo inatosha, na sioni sababu ya kulipa zaidi. Fuwele ina faida ya kweli kwenye vikuzaji vya mapigo mafupi yenye nishati kubwa.

Mwale wa nanomita 1030 hauonekani, ila jicho huukusanya moja kwa moja kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Miwani angavu ya plastiki inayotosha kwa leza ya kabonidioksaidi, yenye nanomita 10,600, haiuzuii hata kidogo. Someni namba zilizochapwa kwenye lenzi. Miwani isiyotaja 1030 siruhusu ivaliwe karibu na mashine hizi, hata ikiwa mpya.