Mlipuko Ukizuka, Usiwapite Wazima

Mara ya kwanza kutumwa Mukuru, mtaa wa mabanda Nairobi, kufuatilia mlipuko wa kuhara, niliwahoji wagonjwa tu. Wote walikuwa wametoka kwenye matanga, na kila mmoja alikuwa amekula pilau. Nikaandika "pilau" daftarini, nikaipigia mistari miwili, nikajiona nimemaliza kazi.

Kisha tukabisha kwa mama mmoja mzee. "Kijana wangu, kwangu hakuna mgonjwa. Enda kwa wale." Nilikuwa nimeshageuka. Mwenzangu ndiye aliyemuuliza kama alifika matangani. Alifika. Pilau je? Sahani mbili. Na juisi? "Ile ya unga? Ai, mimi nina sukari."

Ikabidi turudie ploti nzima, safari hii tukiwauliza na wazima. Pilau walikula karibu wote. Juisi ndiyo iliyowatenganisha. Ilikorogwa kwa maji ya mitungi, na mpira wa muuzaji maji ulipita ndani ya mtaro, umefungwa viraka vya tyubu ya baiskeli.

Watu wakisimulia habari za daktari John Snow na kipindupindu cha London mwaka 1854, hutaja mpini wa pampu ya maji ya Broad Street ulivyong'olewa. Mimi huwawaza wafanyakazi wa kiwanda cha bia cha mtaa uleule: walikunywa bia na walikuwa na kisima chao, wakanusurika. Hao nao walikuwa ushahidi.

Kabla ya kuhesabu, kubalianeni nani ni mgonjwa: kwa mfano, mkazi wa mtaa huu aliyehara majimaji mara tatu au zaidi ndani ya saa 24, tangu tarehe fulani. Msipofanya hivyo, kila mhoji atakuja na hesabu yake. Halafu chukua daftari la hesabu, lile la miraba. Mgonjwa mmoja, mraba mmoja, juu ya siku aliyoanza kuugua. Miraba ikirundikana ghafla kisha ikashuka, huenda chanzo ni kimoja. Kipindupindu hujitokeza kati ya saa 12 na siku 5 baada ya mtu kuambukizwa, basi hesabu kurudi nyuma ujue uulizie mlo wa siku gani.

Sampuli ya choo ichukuliwe kabla ya dawa za kuua bakteria, ila mgonjwa aliyekaukiwa maji asicheleweshwe kwa ajili yake. Wala usingoje majibu ya maabara ndipo watu wapewe klorini ya kutibu maji. Sisi tulipomrudia yule muuzaji maji, alikuwa amechutama mtaroni akifunga kiraka kingine.