Chumba cha giza: dakika za jedwali na maji ya bomba

SWALI: Maalim, shikamoo. Nasafisha filamu mwenyewe nyumbani hapa Wete, Ilford HP5 Plus ya nyeusi na nyeupe. Dawa yangu ni ID-11, siizimui, na natumia dakika 7 na nusu kama jedwali linavyosema. Juzi nilipiga picha za watu wakianika karafuu majamvini. Negativu, yaani filamu iliyokwisha safishwa, zimetoka nzito mno, nyeusi tititi, na nikichapisha, kanzu na mbingu ni weupe mtupu. Kamera inaingiza mwanga mwingi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Shika negativu mbele ya dirisha utazame ukingoni, penye nambari na jina la filamu. Maandishi yale yalipigwa mwanga kiwandani. Kamera yako haiyagusi. Yakiwa meusi kupita kawaida, yamevimba, basi dawa ndiyo iliyofanya kazi kupita kiasi. Nami naona ndivyo, maana dakika zile ni za dawa yenye nyuzi joto 20, na maji yetu ya bomba hufika 28 bila shida.

Ilford wenyewe wanasema dakika 4 kwa nyuzi 20 huwa 3 kwa nyuzi 23. Yaani ukipanda nyuzi tatu, punguza robo. Lakini ukiendelea hivyo mpaka 26, zako 7 na nusu zinabaki 4 na kidogo. Filamu ya chini ya dakika 5 siipendi kabisa: dawa haiwahi kuenea sawasawa, na mbingu ndiyo inayoumbuka kwanza.

Kwa hiyo zimua, dawa kipimo kimoja na maji kimoja. Kwa nyuzi 20 ni dakika 13. Kwa 23, 9 na robo tatu. Kwa 26, kama 7 na theluthi. Ukimaliza, dawa hiyo imwage. Weupe mtupu hatuutaki: kanzu ina mikunjo yake na tunaitaka yote.

Mimi hulenga 23. Gandisha maji kwenye chupa, zilaze ndani ya beseni la maji, simamisha dawa zako humo. Fiksa, dawa ya kuimarisha picha, na maji ya kuoshea zisipishane na dawa kwa zaidi ya nyuzi 5, la sivyo ngozi ya filamu inaweza kukunjamana.

Kipimajoto kitie kwenye dawa yenyewe, si kwenye beseni, na pima tena unapoimwaga. Wakati wa kaskazi dawa iliyoanza 23 inaweza kumalizia 25. Safari ijayo hesabia 24, katikati yake.