Shingo ya twiga wa mchanga

Dada, umeuliza mbona twiga wenu wa mchanga, yule wa Malindi aliyepelekwa Uchina mwaka 1415, huporomoka shingo kila mkikaribia kichwa. Shingo nyembamba ya mchanga haisimami peke yake, hata uipigie dua. Chongeni na jahazi la mchanga, muiegemeze shingo kwenye ubavu wake. Na hapo watazamaji watajua ni safari bila kuambiwa. Mchanga ushindilieni tabaka kwa tabaka ndani ya pipa lisilo na kitako, kila tabaka mkilimwagia maji, kisha mvue pipa na kuchonga kutoka juu kushuka. Mkianzia miguuni, mchanga unaodondoka utafukia kazi yote. Mchanga ukianza kukauka, nyunyizieni maji kidogo. Na jengeni juu ya mstari wa mwani ulioachwa na bamvua, maji yasiwakute.