Jibu: Kazi za utafiti wa dimenshia ukiwa nyumbani Uganda

Dada, umesema uko Mbale, una shahada ya takwimu, umesimamia data za kliniki ya VVU kwa miaka kadhaa, na huwezi kuhama kwa sababu watoto bado wadogo. Unauliza kama mtu anaweza kuingia kwenye utafiti wa dimenshia, huu ugonjwa wa kusahau unaowapata zaidi wazee, akafanya kazi na timu za nje huku anaishi kwake. Tena umeuliza kama lazima uwe na shahada ya uzamili. Waliotangulia wamekuwekea viungo vya tovuti za ajira. Mimi niko Mbarara, nafanya kazi hiyo hiyo na timu mbili, moja Uingereza na nyingine Marekani, basi nitakujibu kwa ninayoyaona.

Inawezekana. Ila usiingie kwa mlango wa "mchambuzi wa data anayepatikana mtandaoni". Mlango huo una foleni ya vijana wa dunia nzima, wanajua R na Python (lugha za kompyuta za kuchambulia data) kukushinda, na wako tayari kulipwa kidogo kuliko wewe. Wewe una kitu wasichokuwa nacho: unajua namba iliyoko kwenye jedwali ilitoka kwa nani, aliulizwa kwa lugha gani, na alikuwa amekaa wapi wakati anaulizwa.

Vipimo vingi vya kumbukumbu vilivyotungwa Ulaya na Marekani humtaka mzee aandike sentensi, aanze na 100 awe anatoa 7 kila mara, kisha achore pembetano mbili zinazokatana. Nilikuwepo Isingiro siku bibi mmoja alipopewa ile karatasi. Akaigeuza, akaangalia nyuma yake, akamrudishia msaidizi wetu kalamu kwa heshima zote. Akasema hajawahi kuishika tangu azaliwe, akauliza kama sisi tumeshakula. Kwenye fomu ikaandikwa sifuri. Na bibi huyo huyo muda mfupi kabla alikuwa ametutajia nani alimkopa mbegu za maharage, msimu upi, na nani mpaka leo hajarudisha.

Sifuri ile ikifika kwa mtu aliyeko London ambaye hajakanyaga huku, kwake ni dalili ya ugonjwa. Mimi nilipoziona sifuri zimejaa kwenye safu ya mchoro nikaenda moja kwa moja kwenye safu ya elimu, na kweli, karibu wote walikuwa hawajasoma. Nikawaandikia, tukajadiliana wiki nzima, mchoro ukatolewa kwenye jumla ya alama na uchambuzi ukafanywa upya. Baada ya hapo ndipo walipoanza kuniita kwenye mikutano ya kupanga utafiti. Kabla ya hapo nilikuwa natumiwa faili tu nisafishe.

Tatizo hili si jipya. Watafiti waliofanya kazi wilaya ya Hai, Kilimanjaro, walitengeneza kipimo kinachoitwa IDEA kwa ajili ya wazee wasiojua kusoma. Mzee anapewa njiti za kibiriti apange umbo aliloonyeshwa, anataja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, anaulizwa jina la kiongozi wa kijiji (huku kwetu ni mwenyekiti wa LC1), anakumbuka orodha ya maneno. Hakuna kalamu. Kisome kipimo hicho vizuri, na usome pia kuhusu kundi la watafiti liitwalo 10/66. Lilijipa jina hilo kwa sababu lilipoanza, asilimia 66 ya watu wenye dimenshia walikuwa kwenye nchi zinazoendelea, wakati chini ya asilimia 10 ya utafiti wa kwenye jamii ndio uliofanyika huko. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2021 walikuwa watu milioni 57 duniani, na zaidi ya asilimia 60 yao wako kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati. Yaani wagonjwa wako kwetu, ila data nyingi ziko kwao.

Sasa wewe una turufu ambayo sijaona mtu akikutajia: VVU. Kuna kipimo cha kimataifa cha dimenshia ya VVU kilichochapishwa mwaka 2005, na kilijaribiwa sehemu mbili, Marekani na hapa hapa Kampala. Mgonjwa anapewa maneno manne ayakumbuke baadaye, anagonganisha kidole gumba na cha shahada haraka kadiri awezavyo kwa sekunde tano, halafu anafuatisha mkono: ngumi mezani, kiganja chini, ubavu wa mkono. Alama za juu ni 12, na mwenye 10 kushuka chini anapelekwa kuchunguzwa zaidi. Hakihitaji kusoma wala Kiingereza. ARV za bure zilianza kutolewa nchini mwaka 2004, na waliozianza wakiwa na miaka 40 leo wako kwenye sitini. Ubongo wa watu hawa unazeekaje? Hilo swali lina wafadhili, na Uganda ina wagonjwa waliofuatiliwa miaka mingi na daftari zao zipo. Mtu aliyezijua data za kliniki ya ARV kutoka ndani, anayejua kwamba tarehe ya kuzaliwa iliyoandikwa 1 Januari mara nyingi ni ya kukisia, huyo hawampati kwa tangazo.

Kuhusu kazi zenyewe. Kupima damu, picha za ubongo na mahojiano ya nyumbani havifanyiki kwa mbali, sahau. Kinachofanyika kwa mbali ni kujenga fomu na kusimamia data (karibu kila mtu anatumia REDCap, programu ya kukusanyia na kutunzia data za utafiti, jifunze hiyo kwanza), uchambuzi, mapitio ya machapisho, kunakili mahojiano (kusikiliza yaliyorekodiwa na kuyaandika) na kuyatafsiri, na uratibu wa mradi. Uratibu unadharauliwa lakini unalipa na haukatiki haraka. Mapitio ya machapisho ni mazuri kwa kuanza kwa sababu jina lako linaingia kwenye chapisho bila kuhitaji kibali cha data ya mgonjwa yeyote.

Data za kufanyia mazoezi zipo. HAALSI, utafiti wa afya na uzee wa Agincourt, Afrika Kusini, ulioanza 2014 na watu zaidi ya 5,000 wa miaka 40 na kuendelea, data zake za awali zinapatikana kwa watafiti, na mazingira yake yanafanana na yetu kuliko chochote utakachopata Marekani. ADNI, utafiti wa Marekani wa picha za ubongo na dimenshia ulioanza 2004, unaomba unapewa, lakini washiriki wake wengi ni Wazungu waliosoma sana. Jifunzie mbinu, usijifunzie maisha. Alzheimer's Disease Data Initiative, wanaokusanya data za dimenshia, wana jukwaa la bure ambalo uchambuzi unafanyikia kwenye seva zao. UK Biobank, hazina ya data za afya ya Uingereza yenye watu nusu milioni, nayo siku hizi inafanyiwa kazi kwenye wingu, yaani kwenye seva za mtandaoni. Kwa mwenye bando la kupimia kama sisi hiyo ni neema, maana hupakui kitu.

Hapa ndipo wengi wanakwama, na naomba unisikilize: data hizi, ukiacha chache za wazi, hazipewi mtu. Zinapewa taasisi. Mkataba wa kutumia data unataka sahihi ya chuo au kituo kinachotambulika, na ukitaka kukusanya data hapa nchini lazima upite kamati ya maadili kisha UNCST, baraza la taifa la sayansi na teknolojia. Juu ya hayo kuna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019, inayoweka masharti kuhusu taarifa za watu kuchakatwa nje ya Uganda. Kwa hiyo kazi ya mbali inataka mguu mmoja uwe mahali. Wewe una bahati, Kitivo cha Sayansi za Afya cha Chuo Kikuu cha Busitema kiko hapo hapo Mbale, na hospitali ya rufaa iko hapo. Nenda ukaombe uhusiano, hata wa kujitolea siku moja kwa wiki, uwasaidie takwimu za miradi ya wanafunzi wao. Barua pepe ya chuo itakufungulia milango ambayo CV haifungui.

Masaa. Uingereza haina shida: saa nne asubuhi yao ni saa saba mchana yetu wakati wa baridi, saa sita wakati wa kiangazi. Marekani ndiyo inayoumiza. Mkutano wa saa tatu asubuhi California ni saa moja au saa mbili usiku kwetu, watoto wanataka kula, wewe unaeleza kwa nini washiriki thelathini hawana kipimo cha pili. Mwezi Machi Marekani wanabadilisha saa wiki chache kabla ya Uingereza, na kila mwaka kuna mtu anakosa mkutano. Mimi nimeweka kwenye makubaliano kwamba simu baada ya saa tatu usiku ni mara moja kwa wiki, basi. Walikubali bila ubishi. Usipolisema mapema watadhani hulali.

Pesa. Vyuo vingi vya nje haviajiri moja kwa moja mtu anayeishi Uganda, ni usumbufu wa sheria za kazi na kodi kwao, basi wanakupa mkataba wa mshauri. Dau linaonekana nono mpaka ulipigie hesabu. Hakuna likizo, hakuna bima, hakuna ile asilimia 10 ya mwajiri ya NSSF (mfuko wa akiba ya uzeeni), na kodi ya URA (mamlaka ya mapato) unaipeleka mwenyewe. Tangu sheria ya NSSF ilipobadilishwa mwaka 2022 unaweza kuchangia kwa hiari, fanya hivyo kuanzia malipo ya kwanza. Benki nazo zinakata katikati ya safari, kwa hiyo andika kwenye ankara kwamba gharama za kutuma ni juu ya mlipaji. Chuo kimoja kilinichelewesha robo mwaka kwa sababu mfumo wao wa malipo ulikataa anwani isiyokuwa na msimbo wa posta. Tangu hapo naomba nisajiliwe kama mlipwaji kabla sijagusa kazi. Mtu akikuambia "tuanze tu, mkataba unakuja", huyo anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Umeme na intaneti unavijua, sitapoteza muda: laini mbili za mitandao tofauti, betri au sola ndogo, na faili zote kwenye seva ya mradi, kamwe si kwenye flashi. Ila waambie wazi kuhusu siasa. Januari 2021 intaneti ilizimwa nchi nzima wakati wa uchaguzi, siku kadhaa. Mtu wa Boston hawezi kulikisia hilo. Liwemo kwenye mpango wa kazi, ili ukinyamaza wasidhani umetoroka.

Kuna moja ambalo matangazo hayalisemi. Ukipewa kunakili mahojiano ya walezi, utasikia mengi masikioni, peke yako, chumbani. Binti anaeleza mama yake alivyoanza kutoka usiku kutafuta ng'ombe waliouzwa zamani, majirani wakasema ni uchawi, wakaacha kuja. Ofisini ungegeuka ukamwambia mwenzako neno. Nyumbani unavua hedifoni na mtoto anakuuliza mbona umekasirika. Omba timu iwe na kikao cha kuzungumza, hata nusu saa kwa wiki mbili. Na kwa sababu utafiti unaweza kuwa wa upande wenu, ipo siku utaitambua sauti. Mimi ilinitokea, ni mtu wa parokia yetu. Nilisimamisha faili papo hapo, nikamwandikia msimamizi kwamba namfahamu mhojiwa bila kumtaja, faili akapewa mwenzangu wa Kabale. Hakuna aliyeniona mvivu. Kazi ya kunakili ifanyie kwenye chumba kinachofungwa, na hedifoni, hata kama watoto hawaelewi Kinyankole au Lugisu cha ndani.

Shahada ya uzamili: kwa usimamizi wa data, uratibu na kunakili, hapana, hawatakuuliza. Kwa uchambuzi ambao jina lako litakuwa la kwanza kwenye chapisho, au ukitaka kuomba ruzuku mwenyewe, utaihitaji. Lakini usiianze sasa kwa mkopo. Ingia kwenye mradi kwanza, maana miradi mingine ina fungu la kusomesha watu wa ndani na mara nyingi wanatafuta wa kumpa mwaka wa pili wa mradi, wakati tayari wanajua nani anafanya kazi. Ukishapata mtu wa Busitema wa kukupokea, rudi hapa kwenye uzi useme ni data gani za kliniki ulizowahi kusimamia, bila kutaja kituo, nikuelekeze ni timu za aina gani zinazohitaji mtu wa hivyo.