Barua kwa mwanangu: funga daftari ndipo usome

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Nyumbani hatujambo, korosho zimeanza kudondoka. Umeniuliza kwa nini unakesha na vitabu vya masomo ya afya hapo hosteli Mtwara mjini, unaelewa kila kitu, halafu ukiingia kwenye chumba cha mtihani hukumbuki kitu. Ukauliza pia kama kichwa chako kina kasoro. Hakina. Kasoro iko kwenye namna unavyosoma, nayo inarekebishika.

Ukirudia desa, yaani notsi zako, mara ya tatu, macho yanateleza tu na kila sentensi unaiona unaijua. Hapo unayatambua maneno uliyokwisha kuyaona. Kuyatoa kichwani mbele ya karatasi tupu ni kazi nyingine kabisa, na hiyo ndiyo mtihani unayoidai. Kupiga mistari kwa kalamu za rangi na kunakili notsi upya kwa mwandiko mzuri kuna udhaifu huohuo. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi kifungu cha kusoma. Baadhi walikisoma mara nne. Wengine walikisoma mara moja, kisha wakajipima mara tatu kwa kuandika wanachokumbuka. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma ndio walioongoza. Baada ya wiki moja, waliojipima walikumbuka asilimia 61, na waliorudia kusoma asilimia 40. Hizo dakika 5 ndizo zinazokuhadaa, mwanangu: unalala ukiamini umeiva.

Fanya hivi. Chukua mada moja, tuseme mzunguko wa kimelea cha malaria. Isome dakika 20 kwa nia ya kuelewa, kisha funga desa na uliweke mbali. Kwenye karatasi tupu chora mzunguko wote: mbu jike wa Anopheles anauma, sporozoiti (vimelea vinavyotoka kwa mbu) zinaingia na kwenda kwenye ini, zinazaliana humo, merozoiti (vimelea vilivyozaliwa kwenye ini) zinatoka na kuvamia chembe nyekundu za damu, na baadhi ya vimelea vinageuka gametosaiti (vimelea vya hatua ya uzazi) zitakazofyonzwa na mbu mwingine. Utakwama mahali. Usikimbilie kufungua, hangaika dakika moja au mbili, maana kule kutafuta ndiko kunakoimarisha kumbukumbu. Halafu fungua, sahihisha kwa kalamu nyekundu. Hatua hiyo usiiruke kamwe, la sivyo utakariri na makosa.

Baada ya hapo jiulize sababu. Kwa nini mgonjwa hana homa vimelea vikiwa bado kwenye ini? Kwa sababu homa huja chembe nyekundu zinapopasuka. Jambo lililofungamana na sababu yake hukumbukika kwa urahisi kuliko jina lililokaririwa peke yake. Akili inaposhughulikia mambo mapya hubeba machache kwa wakati mmoja, kama manne hivi, kwa hiyo orodha ya dalili 12 igawe mafungu yenye maana kabla ya kuishika.

Sasa kuhusu kusahau. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha mwaka 1885 majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa silabi zisizo na maana, akaonyesha kwamba sehemu kubwa hupotea ndani ya siku ya kwanza, kisha kasi ya kusahau hupungua. Ndiyo maana marudio ya kwanza yawe kesho yake, si wiki ya mtihani. Nunua manila, ile karatasi ngumu, kata vipande vya ukubwa wa kiganja. Mbele andika swali, nyuma jibu, jambo moja kwa kila kadi. Kadi inayosema "Eleza malaria" haifai, kwani utataja nusu na kujipa vema. Tafuta bahasha tatu: ya kila siku, ya kila baada ya siku 3, ya kila wiki. Kadi uliyoipata inahamia bahasha inayofuata. Uliyoikosa inarudi ya kwanza, hata kama ilishafika ya tatu.

Hesabu za dawa zichanganye. Ukifanya maswali kumi ya dripu mfululizo, kanuni unaijua kabla hujasoma swali. Mtihani haukuambii ni kanuni ipi. Weka la dripu, kisha la dozi ya mtoto kwa uzito, kisha la vidonge, urudi kwenye dripu: mililita 500 kwa saa 4, seti (mrija wa dripu) ya matone 20 kwa mililita. Ni 500 mara 20, gawa kwa dakika 240, unapata takriban matone 42 kwa dakika.

Diskasheni endelea nazo, ila madaftari yafungwe na kila mmoja aeleze kwa zamu. Simu ikae chumba kingine. Na kukesha acha, nakuomba sana. Usingizini ndimo ubongo unamoimarisha ulichojifunza mchana, na ubongo uliochoka haupokei vizuri mambo mapya. Lala kwa muda wa saa 7 hadi 8, hasa usiku wa kuamkia mtihani.

Wiki ya kwanza utajiona umerudi nyuma, kwa sababu karatasi itakuonyesha wazi usiyoyajua. Usirudi kwenye kusoma tu kwa macho. Anza na famakolojia, lile somo la dawa ulilosema linakutesa: kadi 15 leo, na kesho asubuhi zijibu kabla hujafungua desa lolote.

Mama yako,
Newala